Ukweli Kabla ya Ushuhuda



Kwa miaka mingi nimewafundisha watoto wa parokia namna ya kujiandaa kwa Sakramenti ya Kitubio. Huwaambia kwamba hatua ya kwanza ni kuchunguza dhamiri: kukaa kimya, kujitazama, na kulitaja kila jambo kwa jina lake. Leo nawaandikia juu ya kipindi cha karibu miaka miwili ambacho nilifundisha somo hilo kila Jumamosi nikiwa na pakiti ya tramadoli mfukoni. Katika muda huo wote sikuitaja pakiti hiyo hata mara moja, si mbele ya padri, si mbele ya mke wangu, wala mbele ya nafsi yangu.

Siandiki ili nihurumiwe. Naandika kwa sababu katika vikundi vyetu tumekuwa na desturi moja ambayo naona inatudhuru. Kijana akiacha dawa, tunamwita mbele ya wenzake atoe ushuhuda. Anasimama, anasema ameshinda, tunapiga makofi na kuimba. Lakini hatumsaidii katika kazi iliyo ngumu zaidi, nayo ni kujiambia ukweli akiwa peke yake, usiku, bila makofi. Ushuhuda unaotangulia kazi hiyo unaweza kumfunga mtu badala ya kumfungua, kwa maana atakapoanguka atakuwa na sifa ya kulinda, na mwenye sifa ya kulinda hujifunza upesi kuficha.

Mambo yalianza hivi. Nilikuwa natoka kijijini kufundisha wakatekumeni, baiskeli imebeba gunia la mahindi nyuma. Njia ilikuwa imechimbwa na mvua, nikaanguka, gunia likanilalia mgongoni. Mwuguzi alinipima, akanipa tramadoli ya siku saba. Alifanya vema. Nilikuwa siwezi kuinama kuvaa viatu, na dawa ile ilinirudisha darasani. Naomba mlishike jambo hili tangu mwanzo: maumivu yangu yalikuwa ya kweli, na dawa ilikuwa msaada wa kweli. Tramadoli ilitolewa na kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani, nayo imeuzwa tangu mwaka 1977. Imewapumzisha watu wengi sana waliopasuliwa, waliovunjika mifupa, na wagonjwa wa saratani. Anayewaambia kwamba dawa yenyewe ni shetani hawaambii ukweli, na kijana anayeijua kazi yake njema hatamsikiliza tena.

Lakini ni dawa ya ukoo wa afyuni. Ikiingia mwilini, ini huigeuza kuwa kitu chenye nguvu zaidi, ambacho hufika kwenye ubongo na kutuliza maumivu. Hutuliza na mengine pia. Siku ya nane mgongo ulikuwa umepata nafuu, nami nilikuwa nimekwisha kugundua kwamba kidonge kiliondoa uchovu, na wasiwasi wa karo ya watoto, na ule uzito wa alfajiri ambao mtu wa umri wangu anaufahamu. Nikarudi kununua. Sikuulizwa karatasi.

Hapo ndipo uongo ulipoanza, nami nimeuhesabu kuwa wa aina tatu.

Uongo wa kwanza ulisema: ni mgongo. Kila nilipomeza, nilisema moyoni kwamba natibu mgongo. Wala sikuwa nabuni, kwa kuwa mgongo uliuma kweli. Nilichokuwa sijui ni kwamba mwili uliozoea dawa hii hulalamika dawa inapopungua, na hulalamika mahali pale pale palipokuwa na jeraha. Wakati wa kidonge ukifika, mgongo hupiga kelele, ukimeza, hunyamaza. Mtu huona hapo uthibitisho kwamba bado ni mgonjwa wa mgongo. Kumbe sasa ni dawa inayojidai yenyewe, ikitumia sauti ya mgongo.

Uongo wa pili ulisema: mimi si kama wale. Mnajua mji wetu. Reli ya kutoka Kalemie huvuka Lualaba hapa na kukutana na njia ya Kamina na ya Kongolo, na penye reli na mto pana mizigo, na penye mizigo pana vijana wa kuibeba. Nimewaona wakinunua kidonge kimoja kimoja kabla ya kazi, wakikimeza kwa kahawa. Niliwahubiria. Niliwaita wavutwa na dunia. Nami nilikuwa na pakiti ile ile mfukoni, ila ya kwangu ilianzia kwenye karatasi ya mwuguzi, nami nilikuwa na kiti cha mbele kanisani. Tofauti kati yangu na wao ilikuwa karatasi na kiti.

Niwasimulie jambo moja juu ya vijana hao na juu ya kazi. Mwaka 2013 wataalamu fulani walitangaza kwamba wamekuta tramadoli ndani ya mizizi ya mti mmoja wa porini huko kaskazini mwa Kameruni, mti unaotumiwa na waganga wa kienyeji. Dunia ikashangaa: kumbe dawa ya kiwandani huota porini! Mwaka 2014 wataalamu wengine walichunguza tena, nao wakaeleza vingine. Wakulima wa sehemu hizo walikuwa wakimeza tramadoli, na kuwalisha ng'ombe wao wa kulimia, ili watu na wanyama waweze kufanya kazi juani bila kuchoka. Dawa ikatoka kwa mkojo, ikaingia udongoni, mizizi ikainyonya.

Nimeifikiria habari hiyo mara nyingi. Uchovu ni taarifa ambayo mwili unatupatia, kama vile njaa na kiu. Ng'ombe aliyechoka anasimama. Hiyo ndiyo namna yake ya kusema ukweli. Tukimlisha kidonge aendelee, tumemfanya aseme uongo kwa miguu yake. Na sisi tunaowalipa vijana kwa gunia, wala hatujali kama kijana amebeba magunia mangapi tangu asubuhi, tunao mkono katika uongo huo. Siyo haki kumdai mbeba mizigo awe mkweli juu ya kidonge chake ikiwa sisi hatutaki kuwa wakweli juu ya mzigo.

Uongo wa tatu ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa unakuja wakati mtu amekwisha kuanza kupona. Unasema: nimepunguza. Mke wangu alikuwa amegundua matumizi yangu, nami nilimwahidi kupunguza. Baada ya majuma machache nilimwambia kwa furaha kwamba nimetoka vidonge vinne kwa siku hadi viwili. Alimshukuru Mungu. Jioni moja aliichukua pakiti mezani, akaigeuza, akaenda kutafuta pakiti ya zamani kwenye takataka, akaziweka sambamba mbele yangu. Akasema, “Baba watoto, mimi sikusoma kama wewe. Lakini hapa naona hamsini, na hapa naona mia moja.”

Vile vinne vilikuwa vya miligramu 50. Hivi viwili vilikuwa vya miligramu 100. Mimi ni mwalimu. Hesabu hiyo naiweza usingizini. Wala sikuwa nimesema neno hata moja lisilo kweli. Nilitoka vinne hadi viwili, ndivyo ilivyokuwa. Ndipo nilipoelewa kwamba mtu anaweza kujenga uongo kwa matofali ya ukweli matupu, akaingia na kukaa humo, akaomba rozari humo.

Sikumjibu. Nililia. Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa mwuguzi, na kwa mara ya kwanza nilitaja kiasi kamili: miligramu ngapi, mara ngapi, tangu lini. Nilitazamia kukemewa. Yeye aliandika tu, kisha akasema, “Sasa, katekista, tunaweza kuanza. Jana nisingeweza kukusaidia kwa sababu sikuwa na namba.”

Jambo la kwanza alilonikataza ni kuacha ghafla kwa ushujaa. Nawaambia nanyi, kwa maana najua bidii ya vijana: anayetumia kiasi kikubwa kwa muda mrefu asikate dawa hii siku moja kwa nadhiri. Mwili hutetemeka, hutoka jasho, tumbo huharisha, miguu haitulii, usingizi hukimbia, hofu huingia bila sababu. Vijana wa pwani ya Kenya na Tanzania huyaita mateso hayo arosto. Zaidi ya hayo, tramadoli ikimezwa kwa wingi inaweza kumwangusha mtu kifafa. Kiasi hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa majuma, na mhudumu wa afya akiangalia. Huko Dar es Salaam, hospitali ya Muhimbili ilifungua mwaka 2011 kliniki ya kuwapa methadoni watu walioshikwa na heroini, wanakunywa dawa yao kila siku mbele ya mhudumu. Kwenda kwa mwuguzi si upungufu wa imani. Ni sehemu ya kusema ukweli, kwa kuwa mwili nao una ukweli wake.

Jambo la pili alilonipa ni daftari. Niandike saa, maumivu yangu kabla ya kumeza, na kiasi nilichomeza. Mke wangu akawa mtunza pakiti. Nilipokuwa nachora mistari ya daftari nilitabasamu, maana nilikuwa nimewahi kuifundisha njia hiyo bila kuitumia. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, ambaye mguu wake ulivunjwa na mzinga huko Pamplona mwaka 1521, na ambaye aliyajua maumivu ya mifupa, ameweka katika Mazoezi ya Kiroho mtihani maalumu wa dhamiri. Mtu huchagua kosa moja tu. Huchora mstari kwa kila siku, na kila aangukapo hutia nukta. Jioni hulinganisha mstari na mstari, na siku na siku. Hakuna machozi mengi katika njia hiyo. Kuna kuhesabu.

Daftari liliniambia nisiyoyataka. Baada ya siku kumi niliona kwamba maumivu yangu hayakupanda siku nilizolima wala siku nilizoendesha baiskeli. Yalipanda saa mbili kabla ya kila kidonge, hata Jumapili nikiwa nimekaa kivulini. Mgongo wangu ulikuwa umepona zamani. Niliuangalia ukurasa ule kwa muda mrefu, na ninakiri kwamba nilihisi msiba kidogo, kama aliyefiwa na kisingizio alichokipenda.

Kisha nikaanguka. Nilikuwa nimekaa miezi mitatu bila kidonge. Tulikuwa msibani, tumekesha, na jamaa mmoja akanipa kimoja kwa wema ili nisisinzie. Nilimeza. Katika daftari sikuandika kitu. Niliacha mstari wa siku hiyo mtupu. Siku ya pili vilevile. Nawaambia kwa uzoefu wangu: si kidonge kile kilichonitia hatarini, bali mstari ule mtupu. Kidonge kilikuwa kuanguka; mstari mtupu ulikuwa kuamua kukaa chini. Siku ya tatu niliujaza, nikamwonyesha mke wangu, kisha mwuguzi. Mwuguzi akanionya juu ya jambo ambalo kila anayeacha anapaswa kulijua: baada ya miezi bila dawa, mwili umesahau mazoea yake, na kiasi ambacho zamani ulikistahimili sasa kinaweza kuzima pumzi. Wengi hufa namna hiyo, wakirudi mara moja tu kwenye kipimo cha zamani, kwa siri, pasipo mtu wa kuwatazama. Kwa hiyo ukweli katika kupona si pambo la kiroho. Ni suala la uhai.

Kanisa linaye mtakatifu katika jambo hili, nami nashangaa kwamba hatumtaji. Ni Marko Ji Tianxiang wa China. Alizaliwa mwaka 1834, akawa mganga aliyewatibu maskini bila malipo. Alipougua tumbo alijitibu kwa afyuni, ambayo wakati huo ilikuwa dawa ya maumivu, na afyuni ikamshika. Aliungama dhambi hiyo tena na tena. Mwishowe muungamishi wake alikataa kumwondolea, akidhani kwamba mtu anayerudi kila mara na dhambi ile ile hana nia ya kuiacha. Marko alikaa miaka thelathini bila Komunyo. Mwaka 1900, wakati wa uasi wa Mabondia, alikamatwa pamoja na jamaa zake. Aliomba auawe wa mwisho, ili yeyote wa nyumbani mwake asife peke yake. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, pamoja na wafiadini wengine wa China.

Marko hakupona. Alikufa akiwa bado ameshikwa. Fikirini basi jinsi njia ya uongo ilivyokuwa rahisi kwake. Neno moja tu, “Nimeacha,” nalo lingemrudisha mezani pa Bwana. Hakulisema. Kwa miaka thelathini aliendelea kusali na kwenda kanisani akiwa mtu asiyepokea, mbele ya macho ya kijiji chote. Sisi tunawapigia makofi wanaosema wameshinda. Kanisa limempa taji mtu ambaye hakudai kushinda.

Kutakuwa na mwenye kuuliza: je, hayo hayawapi vijana kisingizio? Swali ni la haki. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, inafundisha kwamba mazoea na mambo mengine yanaweza kupunguza lawama ya tendo, na leo tunajua kuliko muungamishi wa Marko jinsi dawa hizi zinavyoushika ubongo. Lakini fundisho hilo limetolewa ili tusimhukumu ndugu yetu, si ili nijihukumu mwenyewe kwa bei nafuu. Nikilitumia kusema, “Basi si kosa langu, nipe kingine,” nimeongeza uongo wa nne juu ya ile mitatu. Aliye mkweli husema yote mawili kwa pamoja: nimeshikwa, na hatua ya leo ni yangu.

Mwingine atasema sala inatosha. Nilisali muda wote ule, wapendwa. Nilisali kwa bidii mgongo upone, na mgongo ulikuwa umekwisha kupona. Sala yangu ilipata njia siku nilipoacha kumweleza Mungu habari zisizo za kweli. Tazameni mwana mpotevu katika Luka sura ya 15. Kabla ya kumwambia baba yake neno lolote, alijiambia mwenyewe hali yake ilivyo, akiwa bado kati ya nguruwe, hakuna anayemsikia. Kurudi nyumbani kulianzia hapo. Karamu na nyimbo zilikuja baadaye, na aliyeziandaa ni baba.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa vikundi vyetu. Kwanza, tusimwombe ushuhuda mtu aliye katika kuacha. Tumpe mtu mmoja, mkubwa na mwaminifu, wa kumwonyesha daftari lake kila juma, na mtu huyo asishtuke wala asitangaze. Pili, siku ya kuanguka iwe siku ya kutembelewa. Tukimwondoa katika kwaya siku hiyo, tumemfundisha kuacha mistari mitupu. Tatu, anayesema anaumwa asikilizwe. Kuna walio na maumivu ya kweli, na kumwita kila mgonjwa mraibu ni uongo wetu sisi tulio wazima.

Nami je? Nimerudi kufundisha. Daftari lipo juu ya kabati, na mke wangu anajua mahali lilipo. Jumamosi iliyopita niliwaeleza watoto juu ya kuchunguza dhamiri, na mmoja aliuliza, “Mwalimu, mtu akisahau dhambi yake je?” Nilimwambia kwamba Mungu huwahurumia wanaosahau. Kisha nikaongeza kwamba mara nyingi hatusahau. Tunahesabu vibaya kwa makusudi. Hakuelewa, nadhani. Ninyi mtaelewa.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni jambo gani ambalo nimelisema kwa maneno ya kweli tupu, nami nilikuwa nadanganya?

2. Katika parokia yetu, mtu akianguka tena, anapata kutembelewa au kusemwa? Tunaweza kubadili nini mwezi huu?

3. Nani kati ya watu wa nyumbani mwangu angeweza kuziweka pakiti mbili sambamba mbele yangu? Je, nimempa ruhusa hiyo?